Miavuli ya Usibofye

Fundi wa kompyuta wa ofisini kwetu tunamwita Usibofye, maana neno hilo halimtoki mdomoni. Hata mkewe akimtumia picha ya mtoto, humpigia kwanza ahakikishe ni yeye.

Juzi alitutega kwa barua pepe ya uongo: "Bofya hapa upate mwavuli wa bure." Hakubofya hata mtu mmoja. Akavimba kichwa, akafungua mlango aje kutupongeza, akakuta foleni imejaa kwenye korido.

"Ulisema tukiwa na shaka tusibofye, tuje kukuuliza," alisema dada wa mapokezi.

"Vizuri sana, dada yangu. Ile ilikuwa ya uongo."

"Kubofya ndiko uongo, tumeelewa," akasema mama mhasibu kwa upole. "Sasa miavuli yenyewe iko wapi? Mimi naomba wa bluu."