Koti la Mama Liko Chini ya Kitanda cha Wageni

Admin, jina langu lifiche. Miji iache kama ilivyo, nimechoka kujificha kila mahali.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, Mkongo wa milimani Kivu ya Kusini, nina mume na watoto wanne. Tunakaa Whitehall, Columbus, na kazi yangu ni kufunga mizigo kwenye ghala. Dada yetu mkubwa yuko Louisville, na mdogo wetu wa kiume yuko Buffalo, kule Riverside. Mama yetu alikataa kabisa kuja Amerika. Alisema hawezi kuliacha kaburi la baba.

Watu wakisikia Kongo wanafikiria joto tu. Milimani kwetu ni baridi, na kila tulipompigia mama simu alikuwa anakohoa. Mwaka 2014 nikapata pasi ya kusafiria, tukakubaliana mimi ndiye niende kumwona. Mdogo wangu alikuwa akifanya usafi kwenye hoteli moja nje ya Buffalo, karibu na mlima ambako wazungu huteleza kwenye theluji. Mgeni mmoja alisahau koti pale, na msimu ulipoisha bosi akamwambia alichukue. Koti jekundu, nene, pamoja na suruali yake na viatu. Akavipanga kwenye begi refu la kubebea zile mbao za kutelezea, akaendesha gari mpaka kwangu kulileta.

"Yaya," akaniambia, ndivyo anavyoniita kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, "hii begi kwa ndege banaihesabu tu sawa valizi ya kawaida. Donc, hata zingine ubakishe, hii ifike kwa mama."

Mnajua desturi yetu. Ukisafiri wewe, kanisa zima linasafiri nawe. Watu walileta vifurushi wiki nzima: viatu vya shemeji, vitenge, simu, nguo za mtoto, kila kimoja kimeandikwa jina kwa kalamu nene. Masanduku yangu mawili yakajaa vitu vya watu. Vya mama vilikuwa kwenye lile begi refu peke yake.

Uwanjani masanduku yalipita. Dada wa kaunta alipoliona begi refu akauliza kama ndani kuna mbao za kutelezea. Nikasema hapana, ni nguo za mama yangu. Akanieleza kwa upole kwamba begi hilo linapata nafuu likiwa na vifaa vya mchezo tu. Likiwa na nguo, linalipiwa kama begi la tatu, halafu linalipiwa tena kwa urefu wake. Jumla ilizidi mshahara wangu wa wiki. Mume wangu akasema tufungue sanduku moja, tutoe vya watu, tuweke vya mama. Nikakataa. Niliwaza Jumapili, yale macho ya kina mama wa kwaya na maneno yao. Nikajiambia mama ni wangu, ataelewa.

Yule dada akaniangalia, akasema, "Basi livae koti. La kuvaa halilipiwi."

Hapa ndipo ninapojichukia. Ilikuwa Julai. Nimeshonewa kitenge kipya cha safari, nimesuka, na nyuma yangu kuna foleni ya watu wenye kaptula. Niliona aibu kuvaa koti la theluji mbele yao. Nikamwambia mume wangu alirudishe begi nyumbani. Akalisukuma chini ya kitanda cha chumba cha wageni.

Nilimkuta mama amevaa sweta mbili na blanketi juu. Nikamwambia ukweli wote, nikalia. Hakunigombeza.

"Usimwambie mudogo yako," alisema. "Sipende mugombane juu ya nguo. Utaniletea mwaka ingine."

Mdogo wangu alipopiga simu, mama akaipokea mwenyewe. Mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akidanganya. "Koti ilifika, mwana wangu. Iko na joto sana, minalala nayo." Akanirudishia simu, akajifunga blanketi lake.

Mwaka mwingine haukuja. Mara njia imefungwa na vita, mara nimenyimwa ruhusa kazini. Ningeweza kumpa msafiri mwingine alibebe, lakini habari zingefika Buffalo. Mdogo wangu akaomba picha ya mama amevaa koti. Nikasema simu yangu ilianguka kwenye maji.

Mama amefariki wiki mbili zilizopita. Ni kifua. Jirani aliyemwuguza anasema mwishoni alitetemeka sana, wakaazima mablanketi nyumba hadi nyumba.

Ijumaa mdogo wangu anakuja na gari, atalala hapa kwangu, kesho yake twende pamoja Louisville kwa dada, kwenye matanga. Jana alinipigia.

"Yaya, kule kanisani mi nitasema neno moja tu. Mama hakukufa na baridi. Bon, njo kitu inanipatia nguvu."

Nikaitikia amina. Mimi, amina.

Mume wangu anasema nilitupe begi kabla hajafika. Nililivuta juzi, nikatoa koti, nikalivaa peke yangu chumbani. Lina joto kweli. Nikalikunja, nikalirudisha.

Nikimwambia, namnyang'anya faraja yake ya mwisho na ninamfanya mama awe mwongo kaburini. Nikinyamaza, atasimama mbele ya watu kutoa ushuhuda kwa uongo wangu. Sioni njia ambayo mtu hataumia, na mama harudi kwa yoyote kati ya hizo. Ninyi mnaosoma, niambieni nifanyeje. Msiniambie niombe, nimeomba. Chumba cha wageni tunacho kimoja tu, na kitanda ni kilekile.