Mlango Mwembamba Chini ya Ngazi

Nyumba tuliyopanga Singida mjini ilikuwa ya ghorofa moja, mali ya mfanyabiashara Mwarabu. Yeye na familia yake walikaa juu, sisi tulikuwa na vyumba viwili vya chini. Ngazi ya mbao ilipandia uani, wazi kabisa. Ukisimama chini yake unaona nyayo za kila anayepita. Hapo ndipo nilipoweka magunia yangu ya uwele, maana ndani hapakuwa na nafasi hata ya kugeuka.

Nasema yangu, na simung'unyi maneno. Shamba lilikuwa Mungaa, kwa wakwe zangu, na nililima mwenyewe na mimba ya miezi saba. Mume wangu alikuwa karani bomani. Jembe alilijua kwa kuliona. Kwetu nafaka ya mke hukaa kwenye kihenge cha mke, ghala la kusukwa kwa fito, na mume hachungulii humo. Anakula anachopikiwa. Lakini tulikuwa mjini, na gunia chini ya ngazi ya watu likawa kama halina mwenyewe. Kila ndugu yake aliyekuja kwa kesi au kwa dawa aliyakuta magunia machoni pake, akayasifu, na mume wangu akachota. Alichota huku anacheka. Desemba nilikung'uta gunia la mwisho. Januari nzima mwanangu alikunywa uji mwepesi hivi kwamba maua yaliyochorwa chini ya bakuli yalionekana kabla hajaumaliza.

Nilisoma mpaka sekondari, kule Tabora, nikafundishwa kuandika barua za maombi zenye adabu. Safari hii sikumwandikia mtu. Mavuno yaliyofuata yalipoingia, nilipanda juu, nikamwamkia mwenye nyumba, nikamwambia nataka kuziba chini ya ngazi yake. Akauliza mume wangu anasemaje. Nikajibu kwamba mume wangu yuko kazini, na ukuta ni wangu. Akanitazama kidogo, akasema sawa, mradi mbao zake zisiguswe.

Nilimwita fundi wa matofali ya udongo. Nikamwagiza mlango uwe mwembamba, nikajipima palepale, ubavuubavu, mtoto akiwa mgongoni. Mume wangu alikwisha kuota kitambi cha ofisini, na nilijua hapo hapiti. Fundi aliniuliza kama tunajenga stoo au mtego. Nikamwambia vyote viwili.

Ukuta ukakauka, kufuli likaning'inia. Mume wangu alininunia siku tatu. Alisema nimemwaibisha mbele ya ndugu zake, ambao hata hawakuwapo.

Siku ya nne mama yake akashuka kwenye lori akiwa na kihenge nilichomwomba anisukie. Niliogopa atamtetea mume wangu, maana ni mwanawe. Nikapiga magoti, nikamwamkia shikamoo, tukakibeba kihenge mpaka mlangoni.

Hakikupita. Tulikilaza, tukakisimamisha, tukakisukuma kwa goti. Nilikuwa nimepima mwili wangu na kitambi cha mume, kihenge nikakisahau. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi, juu ya vichwa vyetu.

"Msomi wetu amejenga nyumba ya panya," akasema.

Mama mkwe hakucheka. Aliniuliza kwa Kinyaturu kwa nini mlango ni mwembamba hivyo, nami nikamweleza yote, magunia, wageni, uji na maua ya bakuli. Kisha akaketi chini akaanza kukifumua kihenge chake, ufito mmoja baada ya mwingine. Akaingia ubavuubavu na fito zake, na kwa siku mbili akakisuka upya mle ndani, mimi nikimpitishia samadi ya kukandika. Alipotoka, mikono ilikuwa na samadi mpaka viwikoni. Akamwita mwanawe.

"Baba yako mpaka leo hajui kihenge changu kina nini. Wewe nafaka ya mkeo uliijuaje?"

"Mama, ilikuwa wazi."

"Sasa imefungwa. Ukiwa na wageni, omba, kama baba yako anavyoomba."

Akachukua ufunguo, akaufunga mwenyewe kwenye pindo la khanga yangu.

Januari hii shemeji yangu alikuja kwa kesi yake ileile isiyokwisha. Nilimsikia akiuliza uani ule ukuta una nini nyuma yake. Mume wangu akamjibu kwamba hajui. Halafu akaja jikoni, akasimama nje ya kizingiti.

"Mama mtoto, tuna mgeni. Kuna cha kumpa?"

Nikafungua, nikachota kibaba kimoja, nikafunga. Alisema ahsante. Hasira bado ninayo, sitadanganya. Lakini hii ni Februari, kihenge hakijapungua hata nusu, na mwanangu analia akimaliza uji wake kwa sababu ameshiba na bado anautaka. Maua ya bakuli huyaona pale tu anapolilamba.