Dawa ya Bibi na Kisahani cha Halua

Leo nimemfuma bibi yangu na halua mdomoni!

Jamani, kidonda cha mguu wake kimegoma kupona kwa sababu ya sukari. Mganga wa kijiji cha Zinga alimpa magome ya mzambarau, na fundi wa kuyachemsha ni mimi. Nilishajigamba mtaani kwetu Dunda kwamba atapona.

Lakini sisimizi bado wanajaa kwenye mkojo wake. Sukari ipo palepale.

Leo mganga akaja kumtazama. Bibi akanywa kikombe chake, akakunja uso, kisha akatoa kisahani cha halua chini ya kanga na kutia kipande mdomoni.

"Bwana mganga, nani anywe kichungu bila kitamu cha kusindikiza? Hata kahawa ina halua yake."

Mimi nikaangua kicheko. Mganga wala hakutabasamu.

"Bi Mwanahawa, maradhi ni mgeni asiyealikwa. Wewe unamkirimu."

Bibi akautazama mguu wake. Halafu akanisogezea kisahani.

"Kula wewe, mume wangu. Kikombe cha jioni nitakinywa hivihivi."

Nimeila. Mie mlafi wa halua, leo sikuuona utamu wake.

Haya, mabingwa wa kunicheka: bibi zenu mngewanyang'anya halua?