Borghild Ajipa Alama Mbili

Borghild Tveit alikuwa na miaka tisini na sita, na kitu alichokiogopa kuliko barafu, kuliko hata kufa, ni kuonekana anajisifu. Kwao Minnesota, kaskazini mwa Marekani, kwa Walutheri wenzake, mtu aliyevuna ngano kuliko wilaya nzima akiulizwa mwaka umekwendaje, hujibu, "Si mbaya sana."

Basi akaja binti wa chuo kikuu, Delphine, na dodoso la kupima uimara wa moyo wa wazee waliopita miaka tisini. Maswali ishirini, alama moja hadi tano. Mwanawe Arlen, naye mzee wa miaka sabini na moja, alikuwa amemwekea sharti: matokeo yakiwa mabaya, anaacha shamba na kuhamia nyumba ya wazee mjini. Borghild alikubali haraka, maana moyoni alijiona chuma. Ila kujiona ni jambo moja, na kulisema mbele ya mgeni ni lingine.

"'Nikianguka huinuka upesi,'" Delphine alisoma.

"Upesi wapi, mwanangu! Januari ya mwaka juzi nilivunjika nyonga pale kwenye banda la kuku. Nilitambaa saa nzima hadi mlangoni. Konokono angenipita akinipungia mkono. Andika mbili."

"Ulitambaa peke yako?"

"Na ndoo ya mayai. Ningeyaacha yagande?"

Delphine aliandika, akasoma linalofuata. "'Huzuni hainishindi.'"

"Mume wangu Ingvald alipofariki nililia wiki nzima. Kisha nikapanda trekta. Huo si uimara, ni ngano tu ilikuwa imeiva. Mbili."

Akaenda hivyo hivyo, mbili, mbili. Mahali pamoja tu alijipa tatu, na akaona haya papo hapo. Arlen aliingia kunywa kahawa wakati Delphine akijumlisha: arobaini na moja kati ya mia. Kundi la wanyonge.

Borghild aliganda na birika mkononi. Bibi kizee mpumbavu, alijiambia, umelipoteza shamba kwa adabu! Na kuomba alama zirekebishwe asingeweza, maana huko ndiko kujisifu kwenyewe.

"Iko fomu ya pili, Bibi," Delphine alisema. "Ya ndugu wa karibu."

Arlen aliichukua, akaenda nayo dirishani, akaijaza kwa penseli. Borghild alikuwa akiosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Arlen aliiweka fomu mezani, akatoka kwenda kuwatazama kuku.

Borghild alivaa miwani. Tano. Tano. Tano, mpaka chini. Kwenye nafasi ya maoni Arlen alikuwa ameandika: "Halikuvunjika hata yai moja."

Miaka sabini na moja kamlea mtoto huyu, na sifa kubwa aliyowahi kupewa naye ni kwamba supu yake inanyweka. Alilia kwa furaha, kisha kwa aibu ya kuonekana analia. Akatafuta ufutio, akageuza tano moja kuwa nne.

"Watu wasije wakasema tunajitapa," alimwambia Delphine.

Arlen alirudi akikung'uta theluji kwenye buti. "Mama, kuku wako wamebakiza chakula kidogo. Nikuletee magunia ya kukufikisha majira ya kupanda, hapa hapa shambani?"

"Si mbaya sana," alisema Borghild.