Mpiga Mzinga wa Kibaoni

Watu wa Kibaoni, pale Ifakara, walimjua Dativa kwa mashine yake ya kukoboa mpunga. Alikuwa amesimama pembeni ya mashine ile tangu akiwa binti, enzi za baba yake, na baba alipofariki akaishika yeye. Mashine ilimpa riziki na heshima, lakini ilimchukulia sikio. La kushoto lilianza kwa kuvuma, likafuata kuzibaziba, mwisho likanyamaza kabisa. Waliomzoea walijua kukaa kuliani kwake wakitaka kuzungumza. Asiyejua alijiongelea peke yake, kisha akaenda kusema kwamba yule mama wa mashine ana maringo.

Mambo ya vifaru yalimkuta ana miaka arobaini na ushee. Ilikuwa masika, mpunga bado uko shambani, mashine imelala, na barabara ya mbele imegeuka dimbwi. Mdogo wake Evod, fundi wa simu na kompyuta, alikuwa na chumba kilichopakana na mashine. Humo alikuwa amefufua kompyuta chakavu moja baada ya nyingine, akaziunganisha kwa waya, na kazi ikipungua yeye na wenzake walicheza gemu la vita vya vifaru. Katika gemu hilo kifaru kimoja kiliendeshwa na watu wanne, kila mmoja na skrini yake. Kamanda alitazama pande zote na kutoa amri. Dereva aliendesha. Mpakiaji aliingiza makombora. Mpiga mzinga yeye hakuona kitu ila kile kiduara cha darubini mbele ya mzinga wake.

Mpiga mzinga wao alikuwa amepata kibarua Mngeta, kwenye shamba kubwa la mpunga, akahama. Wakabaki watatu, Evod akiwa mpakiaji, wanatazamana. Dativa akaingia kujikinga mvua, kanga kichwani.

"Dada, hebu kaa hapo," Evod akamwambia. "Ukisikia piga, bonyeza hiki."

Alikaa. Alisikia piga, akabonyeza. Kombora likaenda kugonga ukuta wa kanisa lililokuwa jirani nao kabisa pale kwenye skrini, na kifusi kikawafunika wenyewe.

Kamanda wao, Fulgensi, alivua miwani akaifuta taratibu. Fulgensi alikuwa muuza vipuri vya baiskeli na mwalimu wa kwaya parokiani, mtu wa makamo, mwenye sauti ya kujaza jengo.

"Dativa," akasema, "hilo ulilolipiga ni kanisa."

"Nimeona, mwalimu. Ila adui wako yuko kule mbali kama chawa. Kanisa ndilo lililokuwa karibu."

Dereva wao, Sylvanus, alicheka mpaka akateleza kwenye kiti. Huyu alikuwa muuguzi wa zahanati, na mtaa mzima ulijua kwamba hata baiskeli ilimshinda, lakini kwenye skrini alikipitisha kifaru katikati ya nyumba kama anayepitisha uzi kwenye sindano.

Hapo ndipo ubishi wao ulipozaliwa, na haukuwahi kupata usingizi. Dativa aliamini kwamba adui aachwe aje. Akiwa mbali, alisema, kombora linachoka njiani, linashuka, yeye naye anatembea, basi unalenga mahali asipokuwepo ukiomba Mungu afike. Na ukimkosa umeshamwonyesha ulipo. Akiwa karibu, unachagua: ubavuni ambako chuma ni chembamba, au chini, kwenye minyororo. Fulgensi aliamini kinyume chake. Ukimwona, mpige. Ukimwachia nafasi ya kusogea, umemwachia na nafasi ya kukuona.

"Wewe unataka adui aje mpaka abishe hodi," Fulgensi alimwambia.

"Akibisha nitamkaribisha."

"Na chai utampa?"

"Nitampa moto kwanza, chai atakunywa akiwa amekaa chini."

"Mimi ninachoomba," Sylvanus aliingilia, "ni kwamba mkiendelea kubishana, mnibishanie nikiwa nyuma ya kichuguu. Sipendi kufa nikiwasikiliza."

Hata hivyo Fulgensi alikuwa mwalimu, na mwalimu hawezi kujizuia. Kila walipocheza alimlazimisha Dativa kupiga masafa marefu. Inua kidogo. Zaidi. Sasa tangulia mbele yake, kwa kadiri anavyokimbia. Alimhesabia kama anavyohesabia sauti ya pili kwenye kwaya. Dativa alinung'unika, akapiga, akakosa, akanung'unika tena. Lakini mvua zilipokata, mpunga ukaja, mashine ikaunguruma mchana kutwa, bado jioni aliingia kwa Evod na vumbi la pumba kwenye nyusi, akakaa kwenye kiti chake, naye Fulgensi akakaa kuliani kwake. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kile kiti kimekuwa chake. Kilikuwa tu.

Mwaka uliofuata walipata mwaliko. Upande wa Kidatu, kwenye mashamba ya miwa, wafanyakazi kutoka kila mkoa walikuwa na kikundi chao cha gemu hilohilo. Kiwanda kilikuwa kimefungwa kwa matengenezo ya msimu, vijana wana nafasi, wakatangaza shindano la Jumatatu ya Pasaka. Kifaru kwa kifaru, raundi tatu, zawadi mbuzi. Kapteni wao aliitwa Nassib, fundi wa mabomba ya mvuke, na sifa zake zilikuwa zimefika Ifakara kabla yake. Ilisemekana hajawahi kufungwa.

Waliondoka asubuhi na gari la kukodi, Fulgensi ameshika shati lake la kwaya ili lisikunjike. Ukumbi ulikuwa umejaa, skrini kubwa ya matokeo imetundikwa ukutani. Nassib aliwapokea mlangoni, kijana mrefu, mnyenyekevu, akamshika kila mmoja mkono. Alipofika kwa Dativa akainama.

"Shikamoo mama. Karibu sana. Wanaoshughulika na chakula wako nyuma ya jengo, nitamwomba mtu akusindikize."

"Marahaba mwanangu," Dativa akajibu. "Mimi ndiye mpiga mzinga."

Nassib aliomba radhi, tena kwa dhati, lakini waliokuwa nyuma yake walikuwa wameshaanza kucheka. Dativa aliingia akiwa amenyoosha shingo. Ndani akakuta jambo lingine. Meza zilikuwa zimefungwa kwa misumari na waya zimepimwa, na nafasi ya kamanda ilikuwa kushoto kwa mpiga mzinga.

Evod aliliona haraka. "Dada, niwaambie wabadilishe?"

Dativa aliwatazama wale waliocheka mlangoni. Kumwambia Nassib kwamba sikio lake moja limekufa, mbele ya ukumbi mzima, sasa hivi? "Acha," akasema. "Nitasikia."

Raundi ya kwanza walicheza kwa imani ya Fulgensi. Alimwona adui mbali, akagonga meza, akapaza sauti, Dativa akasikia na kupiga. Kombora likachimba udongo pembeni ya kifaru cha Nassib. Kile kikageuka taratibu, kikawatafuta, kikawapata. Kombora moja likaingia ubavuni, skrini zote nne zikawa nyeusi. Ukumbi ukapiga makofi.

Wakati wa kupumzika walisimama nje, kwenye kivuli cha ukuta. Sylvanus alikuwa anakula andazi bila kulisikia ladha. Fulgensi alivua miwani, akaivaa tena.

"Sasa," akasema hatimaye, "tufuate ya Dativa. Tumwache aje."

Dativa alimtazama aone kama ni utani. Hakukuwa na utani. Miezi yote ile ya ubishi, na mtu mzima mbele yake alikuwa anakubali, waziwazi, akimtazama machoni. Akasema tu, "Sawa, mwalimu."

Raundi ya pili Sylvanus alikisukuma kifaru ndani ya ghala bovu, wakazima injini, wakangoja. Nassib alizunguka kijiji kizima akiwatafuta. Alipopita mbele ya mlango wa ghala, ubavu wote ukiwa wazi, Dativa alikuwa hahitaji hata kulenga. Alibonyeza, na kile kifaru kikawaka moto karibu nao kiasi kwamba Evod alijikuta anarudisha kiti nyuma. Wakawa sare, raundi moja kwa moja. Wale waliocheka mlangoni sasa walikuwa wamesimama ili waone vizuri.

Raundi ya tatu ukumbi haukukalika tena. Watu walibishana, walipiga meza, nje jenereta liliwashwa maana umeme ulikuwa unayumba, na mngurumo wake ukaja moja kwa moja dirishani. Kwa Dativa vyote vikawa uji mmoja. Aliona midomo ya Fulgensi inacheza kwa pembe ya jicho, na zaidi ya hapo hakupata kitu. Akakazia macho darubini.

Walikuwa wamejificha chini ya tuta, uwanda mpana mbele yao. Nassib alikuwa amejifunza. Hakuja. Alitokeza mbali sana, upande wa pili wa uwanda, akaanza kukimbia kwa kuambaa ukingo wa msitu ili awazunguke kwa nyuma. Kwenye darubini alionekana kama punje ya mchele inayotembea juu ya mkeka.

"Usimpige," Fulgensi alisema. "Mwache. Usimpige."

Kilichomfikia Dativa, kupitia kelele na jenereta na sikio lililolala, kilikuwa kipande cha mwisho. *Mpige.*

Kwanza alikasirika. Mtu huyu alikubali kwa mdomo wake, kivulini, na sasa amerudi kulekule. Lakini kamanda ni kamanda, na anaona pande zote, na yeye haoni ila kiduara. Labda kuna jambo kaliona. Dativa alishusha pumzi. Akainua mzinga kidogo. Zaidi. Akatangulia mbele ya ile punje, kwa kadiri ilivyokimbia, mpaka alipokuwa analenga majani matupu. Mikono yake ilifanya yote hayo bila kumuuliza. Akabonyeza.

Kombora lilikwenda. Fulgensi aliruka kutoka kwenye kiti na kushika kichwa. Kombora liliendelea kwenda. Kile kifaru cha mbali kikakimbia, kikakimbia, kikafika kwenye yale majani matupu, na hapo vikakutana.

Ulikuwa mwanga mdogo tu, kisha moshi. Skrini ya ukutani ikaandika jina la Ifakara.

Kwanza watu waliikodolea macho skrini, wasiamini. Halafu ukumbi ukalipuka. Evod alimkumbatia dada yake na kiti chake kwa pamoja. Sylvanus alikuwa amesimama juu ya benchi, muuguzi mzima, anazungusha fulana hewani. Nassib aliondoka kwenye meza yake akaja moja kwa moja, watu wakimpisha.

"Mwalimu," akamwambia Fulgensi kwa heshima, "ile amri ya mwisho. Mtu yeyote angesubiri. Ulijuaje?"

Ilikuwa sifa iliyowekwa mkononi mwake, bure, na Fulgensi hakukosa kupenda sifa. Alimtazama Dativa. Akawatazama watu.

"Mimi nilimwambia asipige," akasema. "Nilimwambia mara mbili."

"Ulisema mpige," Dativa akasema.

"Nilisema usimpige. Nilikuwa nafuata yako."

"Na mimi nikafuata yako."

Kisha Dativa akaanza kucheka, na kicheko kikamwinamisha mpaka akashika meza. Alipopata pumzi alimgeukia Nassib na ukumbi wote, akasema bila kupunguza sauti, "Sikio langu hili limekufa, ni la mashine ya mpunga. Mmeniwekea kamanda upande wa kaburini." Hakuona aibu yoyote aliyoihofia asubuhi. Watu walicheka naye, na Nassib alizunguka akaenda kusimama kuliani kwake.

"Dada," akasema, na wala hakusema tena mama, "kwa masafa yale, mzinga uliuinua kiasi gani?"

"Muulize huyo," Dativa akamwonyesha Fulgensi kwa kidevu. "Kanisumbua mwaka mzima."

Walirudi Ifakara mchana ungali mweupe, mbuzi amesimama katikati ya viti na kutafuna pindo la shati la kwaya. Njia nzima walibishana nani ameshinda ubishi. Fulgensi alisema masafa marefu yamethibitika mbele ya mashahidi. Dativa alisema bila raundi ya pili kusingekuwa na ya tatu. Walipovuka reli na kuingia Kibaoni, Sylvanus alimwomba dereva apige honi, na dereva akapiga mpaka sokoni. Watu walitoka vibandani. Akina mama wa mchele walimwita Dativa kwa jina, wakauliza wametoka kwenye harusi ya nani, naye akainuka dirishani, akawajibu kwamba wamewafunga watu wa miwa, na wao, bila kuelewa wamewafunga kwa kitu gani, wakapiga vigelegele.

Jumamosi yake mbuzi aliliwa kwa wali. Nassib na wenzake walikuja kutoka Kidatu na sukari na soda, wakakaa kwenye mkeka mbele ya chumba cha Evod. Fulgensi, kama mkubwa, aliombwa abariki chakula. Alisimama, akafumba macho, akashukuru kwa safari, kwa mvua, kwa mikono iliyopika, na kwa sauti ileile ya kujaza jengo akawaombea pumziko jema wote waliolipuliwa siku ya Pasaka. Nassib akaitikia amina ya kwanza kabisa, na Dativa ilibidi aweke sahani chini, maana wali ulikuwa unamwagika kwa kicheko.