Manukato Yangu ya Ndizi Yamemponza Dada Yangu

Admin, nifichie jina, ingawa Mwanza hii watanijua tu. Nina miaka hamsini na mbili, shule niliishia darasa la tano, na kazi yangu ni kubuni pafyumu. Sisemi kuuza, nasema kubuni. Nipe shati la mtu nikuambie jana kala nini. Kuna siku nilikuwa Kamanga, feri ikiwa bado katikati ya maji nikawaambia watu leo imebeba maiti. Wakacheka. Ilipofika, jeneza ndilo lilitangulia kushuka.

Mwezi uliopita binti wa dada yangu aliletewa mahari na familia ya Wahaya kutoka Bukoba. Nikasema mjomba mtu siendi mikono mitupu. Nikachanganya arki ya ndizi, ile ya kutilia ladha kwenye keki, kali haswa, na spiriti safi, ikatoka harufu ya ndizi mbivu ili wakwe wajisikie kwao kwenye migomba. Walipoingia uani kwa dada, huku Ilemela kwenye mawe, niliwapulizia mmoja mmoja shingoni. Wageni tu. Watu wetu waliomba, nikawanyima.

Baba wa bwana harusi akanusa mkono wake. "Mkwe, umenivalisha mkungu mzima!"

"Bado," nikamwambia. "Kesho utaamka umechipua majani."

Nyuma ya nyumba kuna jiwe kubwa lenye ufa, na ndani wanaishi nyuki. Wapo tangu dada ajenge, hawajawahi kumgusa mtu. Mazungumzo hata hayajaanza, nikasikia mvumo kama ndege inashuka uwanjani. Nyuki walitoka kama moshi, wakawapita watu wetu, wakawavamia wageni. Shangazi wa kijana alijigaragaza mpaka kwenye makaa ya pilau. Mbuzi wa mahari alikufa akiwa kwenye kamba, anapiga mateke. Baba mkwe alikimbia akajigonga ukutani, akaanguka, nyuki wakamfunika uso mpaka huoni pua iko wapi. Nilimbeba mgongoni hadi barabarani huku nawatafuna nyuki kwa meno, mashahidi wapo. Mpaka leo yuko wodini, hajitambui.

Upande wetu hakuumwa mtu zaidi yangu. Basi wageni wakasema ni uchawi. Na mchawi wakampata: dada yangu, mjane, mwenye macho mekundu kwa sababu ya moshi wa kukausha samaki.

Wadogo zake bwana harusi walirudi na marungu, mchana kweupe. "Tuma nyuki zako tena, bibi!" Wakamvunja mkono, wakampasua kichwa, damu ikajaa kwenye beseni la samaki. Wawili niliwagonganisha vichwa kama vibuyu, wa tatu akaning'oa meno mawili. Waliondoka wakiapa kwamba mzee akifa wanakuja na mapanga, na nyumba wataichoma dada akiwa ndani. Polisi wameandika maelezo, vijana hawaonekani. Dada amegoma kuhama.

Juzi nilimfungulia muuza asali mmoja sokoni kichupa changu, anuse kazi ya fundi. Akaruka nyuma. "Mzee, funga hiyo! Nyuki akiuma anaacha harufu ya kuwaita wenzake vitani. Inanukia ndizi mbivu hivyohivyo."

Nikakifunga kichupa, nikatoka sokoni mbio.

Nikampigia bwana harusi, nikamweleza yote. Akasema, "Mjomba, juzi ulituambia ulimpulizia mamba akafa. Leo nyuki?" Akakata simu. Nikamgeukia mpwa wangu, naye akalia. "Mjomba, mama anakwenda kuuawa, na wewe bado unaisifia pafyumu yako?"

Ndugu zangu, maneno yangu yote ya maisha yameaminiwa, hili la kweli kabisa limekataliwa.

Jumapili familia zote mbili zinakutana uani kwa dada kulizungumza jambo hili. Nimewaza nijipulizie mbele yao, nikasimame kwenye ule ufa, waone wenyewe kwamba dada hana kosa. Lakini naogopa. Sijawahi kumtamkia mtu neno hilo. Na hata nikipona, yale marungu yatageuka kuwa yangu, maana aliyemlaza mzee wa watu nitakuwa mimi.

Mnishauri kabla ya Jumapili: nisimame pale, au nimbebe dada kwa nguvu tutoroke? Na nyie mnaofuga nyuki, msinifiche. Mtu akisimama pale, anapona?