Mahari Gani Panauma

Shangazi yangu alipoolewa kule Keza, ng'ambo ya bonde, waliletwa kwetu ng'ombe, na mmoja wao, mwekundu mwenye pembe iliyoinama, hakutaka kabisa kukaa. Jioni tunamfungia zizini, asubuhi hayupo, yuko kwao anacheua mbele ya nyumba ya mume wa shangazi. Baba akasema hajalipwa. Wale wakasema wamelipa, ng'ombe ana miguu yake, wafanyeje? Kesi ikafika barazani, na karani, ambaye Kihangaza, lugha yetu, hakukijua, akawa anasema mahari, mahari. Ndipo nilipolijua neno lile. Hata leo nikilisikia naona pembe iliyoinama.

Ng'ombe yule mwishoni aliliwa. Nyama ilikuwa ngumu. Tuendelee.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, zahanati ilibaki mbali, mgonjwa alibebwa kwa machela kutwa nzima. Tukaambiwa tuchague mtu akasomee uhudumu wa afya Biharamulo. Akifaulu, anarudi na sanduku la dawa. Asipofaulu, sanduku linakwenda kijiji kingine. Wakanichagua mimi wa darasa la nne, eti kwa kuwa nachinja mbuzi na damu siiogopi. Jirani yetu mmoja, ambaye watoto wake waliharisha kila masika, alinisindikiza mpaka njiani. "Wewe, usije ukarudi mikono mitupu," akasema.

Masomo yenyewe sikuyachukia. Kuchimba choo, kuchemsha maji, kufunga kidonda, kumgeuza mzee asiyeweza kujigeuza. Shida ilikuwa kukaa. Vita vilikuwa vimeanza, na malori ya jeshi yaliyopakwa tope yalipita kwenda Bukoba, askari juu wanaimba. Yakipita mimi nimesimama. Mwalimu wetu, mtu wa pwani, ananitazama. "Ndugu mwanafunzi, kiti kina miiba?"

"Hapana mwarimu."

"Mwalimu."

"Ndiyo, mwarimu."

Darasa linacheka, na wanaocheka nao wanasema vilevile. Kwetu ulimi hauzitenganishi hizo mbili, l na r, sisi wenyewe hatusikii tofauti.

Siku ya mtihani tukaingia wodini, kila mmoja na mgonjwa wake, amhoji mbele ya mwalimu. Nikapewa mzee wa Kisubi, mkavu, macho ya utani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mahari gani panauma?"

Mzee akanitazama, akamtazama mwalimu. "Inauma ya binti yangu wa mwisho. Mkwe amemchukua, na mbuzi hata mmoja sijaona."

Wodi nzima ikaangua kicheko, mwenye mguu wa bandeji akaugulia huku anacheka. Nami nikacheka, sikuweza kujizuia, nilikuwa nimeshamwona ng'ombe wa shangazi. Mwalimu hakucheka.

"Sema mahali."

"Mahari."

"Ma-ha-li."

"Mahari."

"Mgonjwa atakufa wewe unamposea! Kaa nje. Ukiitwa, unarudia. Ukikosea tena, sanduku wape wenzako."

Nikakaa kwenye benchi la barazani. Wenzangu walipomaliza, mwalimu akawarudisha darasani. Nikajaribu kimyakimya, nikajaribu kwa sauti, mpaka mpishi akauliza nasali dini gani. Malori yakapita. Nikasimama, nikakaa. Nikamfikiria yule jirani na watoto wake, nikarudia tena, ulimi ukaenda palepale kama umefungwa kamba.

Mzee akaniita dirishani. "Wee baba wa mahari! Njoo nikuonyeshe basi."

Nikaingia. Akafunua shuka, akauweka mkono wangu chini ya mbavu zake za kulia. Palikuwa pamevimba, pa moto.

"Mbona hukumwambia mwalimu?"

"Hajaniuliza. Aliyeniuliza ni wewe, mkaanza kugombana."

Nikamwita muuguzi, akaja, akapabonyeza, akatoka mbio kumtafuta daktari. Mzee akafumba macho. "Kule nje unasoma nini?"

"Nasoma mahari, mzee."

"Nami nilielewa tangu mwanzo," akasema. "Nilikuwa nacheza tu."

Sijui hasira ilinijia hapo kwa nini, yeye alikuwa ananipoza. Nikarudi barazani. Mlango wa darasa ukafunguka, mwalimu akaita jina langu, akaliita vizuri kabisa, kila herufi mahali pake. Nikainuka. Nilikuwa nakwenda kwake, nakumbuka hivyo, lakini miguu ikapita mlango, ikapita jiko la mpishi, ikapita geti. Akaita tena. Njia ya Ngara, ya kurudi kwetu, ilikuwa upande wa kushoto, nikaishika, na Biharamulo sijakanyaga tena.